Skii za mbio za milimani: za gramu 700, za gramu 900, au za kuazima?

Wiki iliyopita mpwa wangu anayesoma Grenoble alinitumia picha tatu za skii, vile vibao virefu vya kutelezea juu ya theluji, kwa WhatsApp, na chini yake ameandika: "Shikamoo shangazi. Nichukue zipi? Za kwanza ndizo nyepesi kuliko zote." Kijana huyu alikuwa anakimbia mbio za nyika tangu sekondari, Arusha, kwa hiyo mapafu anayo. Skii ameanza misimu miwili tu iliyopita. Mwezi Machi anaingia mbio yake ya kwanza ya milimani. Nikamwitikia marahaba, nikamwomba siku mbili. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyarefusha kidogo kwa ajili ya wengine ambao huniuliza swali hilohilo kila majira ya baridi yanapokaribia huku Valais, Uswisi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mbio hizi, wengi tunaziita skimo, hazina lifti. Unabandika ngozi, yaani ukanda wenye manyoya, chini ya skii ili zisirudi nyuma, unapanda mlima kwa nguvu za miguu yako huku kisigino kikiwa huru. Kileleni unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Ukifika chini unabandika tena. Palipo wima kupita kiasi unavua skii, unazifunga kwenye mkoba na kupanda kwa viatu vitupu. Julai 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliuingiza mchezo huu kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Milano Cortina 2026, mashindano yakipangwa Bormio, Italia, na tangu hapo maduka yamejaa skii nyembamba ambazo zamani ulilazimika kuziagiza.

Kabla ya kulinganisha chochote, jua sakafu iko wapi. Kanuni za shirikisho la kimataifa, ISMF, zinataka skii ya mwanamume isipungue sentimita 160, na ya mwanamke 150. Upana usipungue milimita 80 mbele, 60 katikati na 70 mkiani. Skii moja pamoja na kishikizo chake, kile kinachoshika kiatu kwenye skii, isipungue gramu 750 kwa wanaume na gramu 700 kwa wanawake. Makali ya chuma yafunike angalau asilimia 90 ya urefu. Mbio nyingi za kijijini hazipimi chochote, lakini mbio kubwa hupima, na kanuni huguswa mara kwa mara, kwa hiyo soma za mwaka wako. Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba ukishafika kwenye gramu hizo, hakuna tena kitu cha kununua. Anayekuuzia wepesi zaidi ya hapo anakuuzia kitu ambacho mbio kubwa itakikataa.

Sasa makundi matatu, ambayo ndiyo yaliyokuwa kwenye zile picha. Uzito ni wa skii moja bila kishikizo, kwa kukadiria:

| | Za mbio tupu | Za kati | Za matembezi ya kawaida |
|---|---|---|---|
| Upana wa kiuno (katikati ya skii) | mm 64–66 | mm 70–78 | mm 80–88 |
| Uzito | g 650–750 | g 800–1,000 | g 1,100–1,400 |
| Mifano | Ski Trab Gara Aero World Cup, Dynafit DNA, Atomic Backland UL 65 | Movement Race Pro 77, Atomic Backland UL 78 | Atomic Backland 85 na za aina yake |
| Zinapong'ara | kupanda, njia iliyosawazishwa | mbio ndefu, theluji ya kila aina | mafunzo, siku ya kawaida mlimani |
| Zinapokusaliti | theluji yenye gamba, miguu iliyochoka | mbio fupi za kugombea sekunde | kila mpando wa mbio |

Usiziamini sana namba za uzito zinazoandikwa kwenye karatasi ya duka. Jozi yangu ya mbio niliipima kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga: moja ikasoma 688, ya pili 703. Jozi moja, kiwanda kimoja, siku moja. Ni kawaida, mbao haziko sawa na gundi haiko sawa. Ninalisema hili kwa sababu nimeona watu wakikosa usingizi kwa tofauti ya gramu 10 kati ya kampuni mbili, wakati tofauti ya namna hiyo wanayo tayari kati ya mguu wa kulia na wa kushoto.

Tofauti inayohesabika ni ile ya kundi na kundi. Chukua mpando wa mita 1,000 kwa mwinuko wa robo, yaani kila mita nne za mbele unapanda moja. Ni kama kilomita nne na ushee za kutembea, na kwa hatua ya sentimita 70 unapata hatua karibu 6,000. Ukiwa na skii za kati badala ya za mbio tupu, kila hatua inavuta gramu 200 za ziada. Zidisha: kilo 1,200, magunia kumi na mawili ya mahindi, kwenye mpando mmoja. Ni kweli skii haiinuliwi mzimamzima, inaburuzwa juu ya theluji, na anayejua kutembea huiacha iteleze yenyewe. Lakini kila hatua unaisimamisha na kuianzisha upya, na nyonga zinalihisi hilo kabla kichwa hakijalihisi. Wapanda milima wana usemi wa siku nyingi kwamba kilo moja mguuni ni kilo tano mgongoni.

Kwenye mpando, basi, hakuna mjadala: za mbio tupu zinashinda, na kuna mbio ambazo ni mpando tu. Ile ya wima, ambayo unaanzia chini na mstari wa mwisho uko juu bila kushuka, haina sababu yoyote ya kuwa na skii pana. Na zile mbio za usiku za katikati ya wiki, za taa kichwani kwenye njia ambayo mitambo imeisawazisha, vilevile. Kilian Jornet, mkimbiaji wa milima kutoka Hispania, ambaye wengi nyumbani wanamkumbuka kwa kupanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 7 na dakika 14 mwaka 2010, alikaa saa 24 kwenye kituo cha skii cha Tusten, Norwei, Februari 2019, akipanda na kushuka njia ileile mara 51. Jumla ilifika mita 23,486, karibu Kilimanjaro nne kutoka usawa wa bahari. Kazi ya namna hiyo, juu ya theluji iliyopigwa pasi, ndiyo hasa iliyozizaa skii nyembamba.

Kwenye kubadilisha pia zinashinda, na wengi hawalifikirii. Ncha ya skii ya mbio ina mkato mdogo wa kunasia mpira wa ngozi. Unainama, unavuta ule mpira, ngozi inang'oka kuanzia mbele kwenda nyuma bila wewe kuvua skii, unaikunja kifuani ndani ya suti, umeondoka. Skii nyingi za matembezi hushikwa kwa ndoano mbele na mkiani, na hapo lazima uvue. Katika mbio ya sprinti, ambayo mpando wote ni kama mita 70 na washindi humaliza kwa takriban dakika tatu, ubadilishaji mmoja mbovu ndio mwisho wa siku yako. Baadhi ya skii za kati zina mkato huo, nyingine hazina. Angalia ncha kabla hujaangalia rangi. Ngozi zenyewe ni za manyoya ya mbuzi wa Angora, kwa sababu manyoya hayo huteleza kuliko nailoni. Zile za waridi za Pomoca, za hapa Uswisi, utaziona kwenye kila mstari wa kuanzia.

Tatizo linakuja mlima ukigeuka.

Skii ya milimita 65 kwenye njia ngumu iliyosawazishwa ni raha. Kwa kuwa ni nyembamba, inahama kutoka ukali mmoja kwenda mwingine haraka, na kwenye barafu inashika vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Lakini haina uzito wa kutuliza mtikisiko: kila tuta dogo linapanda mpaka gotini. Kwenye theluji laini kama unga inazama, unaendesha kwa kuketi nyuma, mapaja yanaungua. Kwenye theluji yenye gamba, ile ambayo juu imeganda na chini ni laini, inakuwa hatari hasa.

Msimu wangu wa pili wa mbio nilikuwa na hizohizo za 65, mpya. Mteremko wa mwisho tuliufikia kama saa nne asubuhi, jua limeshapiga upande mmoja wa bonde, upande wa kivuli bado ni gamba tupu. Kona ya kwanza ilikwenda vizuri. Kwenye ya pili ncha ya kushoto ikatoboa gamba, ikaingia chini yake na kubaki hapohapo, mimi nikaendelea. Nilianguka mara tatu katika mita labda mia mbili. Mara ya tatu nilikaa kidogo, mikono inatetemeka, si kwa baridi. Akanipita mama mmoja wa makamo ambaye kwenye mpando nilimwacha mbali sana, nilishamsahau. Alikuwa na skii pana kidogo, anashuka taratibu, magoti laini, kona moja baada ya nyingine, kama mtu anayefagia uwanja wake asubuhi. Sikumwona tena mpaka mwisho. Dakika zote nilizochuma kwa gramu 200 kwenye mpando zilikwisha pale, pamoja na nyingine ambazo sikuwa nazo.

Ndiyo maana sizidharau skii za kati. Milimita kumi za upana na sentimita chache za urefu zinakupa jukwaa la kusimamia. Zikikutana na gamba zinapita juu yake mara nyingi zaidi kuliko zinavyozama, na ukikosea kona zinakusamehe. Katika mbio kama Patrouille des Glaciers, kutoka Zermatt kupitia Arolla hadi Verbier, kilomita 57.5 na mita 4,386 za kupanda, unashuka kwenye mitelemko mirefu ukiwa na saa nyingi miguuni, na theluji hubadilika kutoka barafu ya usiku hadi uji wa mchana ndani ya siku moja. Wanaoshinda huko wako kwenye za mbio tupu, ni kweli. Wao hushuka siku mia kwa mwaka. Watu wa kawaida wanaoshiriki, wauguzi, walimu, mafundi, wengi wao wangemaliza mapema zaidi na magoti yenye afya wakiwa na za 75.

Za matembezi ya kawaida nitazipitia haraka. Ni nzuri, ni imara, zinafundisha. Kwa mbio ya kwanza kabisa ya kijijini, ambayo unataka tu kujua kama mchezo unakufaa, azima hizo usitumie hata senti. Usizinunue kwa ajili ya mbio.

Kuna jambo la ufundi ambalo duka halitakwambia: skii ya mbio ni nyembamba na moyo wake, yaani kiini cha ndani, ni mwepesi mno. Ski Trab, ambao wako Bormio tangu 1946, hutumia moyo wa vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki pamoja na kaboni. Wengine hutumia mti mwepesi wa paulownia. Vyovyote vile, parafujo inashika vizuri pale tu ambapo mtengenezaji ameweka kipande cha kuimarisha, na kwa kina alichokisema yeye. Jozi yangu ya kwanza ilifungwa vishikizo na fundi wa duka moja aliyezoea skii nene. Nilipoigeuza nyumbani na kupitisha kiganja chini yake nilihisi vivimbe vinne, vidogo kama punje za mtama, pale ambapo parafujo zilikuwa zimekaribia kutokea upande wa pili. Skii ilikuwa haina siku hata moja ya theluji. Kwa hiyo ukichagua za mbio tupu, ulizia kwanza nani atakayezitoboa, na mwachie karatasi ya mtengenezaji mkononi. Ukinunua zilizotumika, geuza, pitisha kiganja, kisha kamata kishikizo na ujaribu kukitikisa.

Na kishikizo ni sehemu ya uamuzi. Mfumo wa pini mbili mbele na mbili nyuma ulibuniwa na Fritz Barthel wa Austria miaka ya 1980, na leo karibu kila anayepanda anautumia. Vya mbio vina gramu 100 hadi 150 tu, lakini vingine havina breki, na vingi havina namna ya kurekebisha nguvu ya kuachia mguu. Ukianguka vibaya, kinachoamua ni chuma, si chaguo lako. Tena vingi havisogezwi, vinafungwa kwa urefu wa kiatu kimoja. Ukibadilisha viatu baada ya mwaka unatoboa upya, na skii nyepesi haivumilii mashimo mengi. Kibao cha kusogezea kisigino cha kishikizo kinaongeza gramu chache. Mimi ninakiweka kwenye kila jozi isiyo ya kutafuta medali.

Hapo ndipo nilipomgeuzia mpwa wangu swali lake. Nilimuuliza: "Viatu vyako vina uzito gani?" Hakujua. Viatu vya mbio vina gramu 500 hadi 800 kimoja, vya matembezi ya kawaida mara nyingi vinapita 1,200. Rudia hesabu ya magunia: mtu akitoka kwenye kiatu cha 1,400 kwenda cha 800 anaokoa gramu 600 kwa kila hatua, mara tatu ya anachookoa kwa kutoka skii za kati kwenda za mbio tupu. Na kiatu cha mbio kinakunjika kifundoni, hatua inarefuka, jambo ambalo mizani hailioneshi. Zaidi ya hapo, kiatu na skii lazima viwiane. Kiatu laini cha gramu 600 hakiwezi kuitawala skii ya milimita 88 kwenye theluji nzito, itakugeuza itakavyo. Kiatu kizito juu ya skii ya 65 nacho kinakuwa kama nyundo ya fundi chuma juu ya msumari wa kiatu, unaikandamiza mpaka inapinda. Kwa hiyo ninavyoona mimi fedha ziende hivi: viatu kwanza, vishikizo vya pili, ngozi nzuri za tatu, na gramu za skii mwisho kabisa.

Kwa wanaoingia kwa timu, kuna hesabu nyingine. Pierra Menta ya Arêches-Beaufort, Ufaransa, iliyoanza 1986, ni watu wawili kwa siku nne na karibu mita 10,000 za kupanda. Patrouille ni watatu. Kwenye mbio hizo gundi ya ngozi hulowa, hushika theluji, hukataa. Kama wote mna skii za upana mmoja, mnabeba jozi moja ya akiba inayomfaa yeyote kati yenu. Kama mmoja ana 65 na mwingine 78, ngozi ya akiba ya mwenye skii nyembamba inaacha kingo za skii za mwenzake wazi, na kwenye mpando wa kukata kwa ubavu, pale unapotegemea kingo, anateleza. Nimeona timu nzuri ikisimama namna hiyo dakika nyingi, mmoja ana nguvu tele na hana pa kuzipeleka. Pataneni mapema, na mfuateni yule anayeshuka kwa shida zaidi, si yule anayepanda kwa kasi zaidi.

Bei: mpya, makundi mawili ya kwanza, za mbio tupu na za kati, yanaangukia kati ya yuro 500 na 900 bila vishikizo, kwa hiyo usidhani za kati ni za bei nafuu. Nafuu iko kwenye zilizotumika. Wanariadha hubadilisha za mbio tupu kila msimu, na mwezi Aprili utazikuta kwa chini ya nusu ya bei. Lakini makali yake ni membamba, yakishagonga mawe ya majira ya kuchipua hayanolewi mara nyingi. Angalia makali chini ya kiatu, siyo kwenye ncha. Hapo ndipo pazima au pabovu.

Kwa ufupi wa kuchagua: unapanda njia za vituo usiku, au mbio za wima, au unashuka vizuri na viatu vyako tayari ni vya mbio, nenda 65, zilizotumika kama zipo. Mbio yako ni ndefu, inatoka nje ya njia zilizosawazishwa, na umejifunza skii ukubwani kama sisi wengi tuliotoka kwenye joto, nenda 72 hadi 78, urefu usiopungua kanuni, zenye mkato wa ngozi kwenye ncha. Uzito wako ukipita kilo 80, ongeza sentimita tano hadi nane juu ya hapo bila kusita.

Juzi jioni picha nyingine ikaingia: kiatu chake kimewekwa juu ya mizani ya chumba cha wanafunzi, 1,410. Chini ameandika, "Shangazi, kumbe." Akiba aliyokuwa ameiweka kwa skii sasa anaipeleka kwenye viatu. Kwa mbio ya Machi nitampa jozi yangu ya 77, ina sentimita 163 kwa hiyo kanuni ya wanaume inaikubali, na kisigino chake kiko kwenye kibao cha kusogeza. Jumamosi anapanda treni kuja Sion na viatu vipya. Tutapima pengo la nyuma ya kisigino, milimita nne kwa kishikizo kile, kisha tutapanda hadi juu ya msitu na kutafuta gamba kwenye kivuli, ajifunze kuanguka pale kabla ya siku yenyewe.